Mwiba usiotoka: usalama wa fila za kudumu na zile za muda

"Unachoma mara moja, umemaliza." Hivyo ndivyo fila za kudumu zinavyouzwa saluni, kwenye video za simu, na katika mazungumzo ya wanawake wanaosukana. Ile ya muda itayeyuka, utarudi mwakani, utalipa tena. Hii ya kudumu ukishailipia ni yako hadi kaburini. Kwa mtu anayezihesabu shilingi zake, hoja hiyo ina uzito. Ndiyo tunayoitumia tunapochagua bati nene badala ya jembamba, au mninga badala ya mbao laini. Naandika makala hii kwa sababu hoja hiyohiyo, ambayo kwenye paa ni busara, ikihamia chini ya ngozi ya mtu inageuka kuwa hatari, na wengi hulijua hilo sindano ikiwa imeshatoka.

Kwanza neno lenyewe. Wenye kliniki na wateja wao husema "fila". Anayependa Kiswahili cha kamusi atasema kijazio. Wazee wetu walikuwa na fila nyingine, ile ya "lila na fila havitangamani", yenye maana ya ubaya. Maneno haya mawili hayana undugu, na sitaki msomaji adhani nimeshahukumu kwa jina. Fila ninayoizungumzia ni ute mzito unaodungwa chini ya ngozi ili kuinua mahali palipobonyea: mifereji inayoshuka kutoka puani hadi pembeni mwa mdomo, mashavu yaliyokonda, midomo, kidevu, makovu ya chunusi. Isichanganywe na botoksi. Botoksi haijazi kitu. Hulegeza misuli ili ngozi iliyo juu yake isikunjane.

Tamaa ya kujaza mara moja na kumaliza ni ya zamani. Mwaka 1899 daktari wa upasuaji wa Vienna, Robert Gersuny, alidunga mafuta ya vaselini mwilini mwa kijana aliyepoteza korodani kwa kifua kikuu, ili kumrudishia umbo. Matokeo ya mwanzo yalipendeza, na haikuchukua muda nta ya parafini ikawa inadungwa puani na mashavuni katika miji mikubwa ya Ulaya. Gladys Deacon, Mmarekani aliyesifika kwa uzuri wake na ambaye mwaka 1921 aliolewa na Duke wa Marlborough, alidungwa parafini puani akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, akitaka pua iliyonyooka kama ya sanamu za Kigiriki. Nta ile haikutulia. Iliteremka taratibu kuelekea kidevuni, na uso uliosifiwa na wachoraji ukaharibika. Alifariki mwaka 1977, zaidi ya miaka 70 baada ya sindano ile. Madaktari wa zama zile walipata ugonjwa mpya wa kuandika vitabuni, parafinoma, yaani uvimbe mgumu ambao mwili huujenga kuizunguka nta.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja silikoni ya maji. Ilianza kudungwa kwenye matiti huko Japani, ikavuka bahari hadi Marekani, na Las Vegas ikawa mojawapo ya miji iliyoipokea kwa wingi. Baada ya miaka kadhaa matiti yale yalijaa vinundu vigumu kama mawe, ngozi ikavunda, na baadhi ya wanawake ikabidi wakatwe matiti. Katikati ya miaka ya 1970 jimbo la Nevada lilifikia kuifanya sindano hiyo kuwa kosa la jinai. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, haijawahi kuiruhusu silikoni ya maji kujaza uso wala sehemu nyingine ya mwili kwa ajili ya urembo. Ilichoruhusu, katika miaka ya 1990, ni kuitumia ndani ya jicho ili kushikilia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, iliyobanduka. Daktari wa macho anayeiweka humo hukusudia kurudi kuitoa.

Shikilia jambo hilo la kurudi kuitoa, kwa kuwa ndilo litakalotuongoza hadi mwisho.

Aina ni tatu, si mbili

Watu huzigawa fila mafungu mawili, za muda na za kudumu. Mgawanyo huo unaficha jambo kubwa. Mimi ningezigawa kwa swali jingine: daktari akikosea, au mwili ukikataa, kuna njia ya kuitoa?

Fungu la kwanza ni lile linaloyeyushika. Hapa ipo asidi ya hialuroniki peke yake. Karl Meyer na John Palmer wa Chuo Kikuu cha Columbia waliitenga mwaka 1934 kutoka kwenye ute wa ndani ya jicho la ng'ombe. Hata wewe unayo: mwili wa mtu mwenye kilo 70 una gramu 15 hivi, kwenye ngozi, machoni na katika ute wa magoti, na karibu theluthi moja huvunjwa na kutengenezwa upya kila siku. Kwa kuwa mwili huivunja haraka hivyo, viwanda huziunganisha nyuzi zake kwa kemikali ili ute uwe mzito na ukae miezi sita, mwaka, au zaidi kidogo. Zamani ilitolewa kwenye vilemba vya jogoo. Siku hizi nyingi hutengenezwa na bakteria waliofugwa kwenye mapipa ya kiwandani. Restylane, iliyopata kibali cha FDA Desemba 2003, na Juvéderm iliyofuata 2006, ni za familia hii.

Siri ya usalama wake haimo kwenye ute wenyewe. Imo katika kichupa kingine kinachopaswa kuwepo kwenye droo ya daktari, chenye kimeng'enya kiitwacho hialuronidesi. Kikidungwa mahali penye fila hiyo, huikata vipandevipande, na kazi huanza ndani ya dakika na saa. Madaktari wa macho wanakifahamu tangu zamani, maana hukichanganya na dawa ya ganzi kabla ya upasuaji ili isambae vizuri. Mdomo ukivimba kupita kiasi, shavu moja likizidi jingine, au mshipa wa damu ukizibwa, kipo cha kufanya. Kwa fila nyingine zote kifutio cha namna hii hakuna.

Fungu la pili husahauliwa. Ni fila zinazoisha zenyewe kwa muda wake lakini haziyeyushiki ukitaka. Radiesse ina chembe za kalsiamu zinazofanana na madini ya mfupa na hukaa mwaka mmoja au zaidi. Sculptra ina asidi ya polilaktiki, jamii ya plastiki inayotumika kwenye nyuzi za kushonea vidonda zinazoyeyuka zenyewe. Kazi yake ni kuuchokoza mwili utengeneze kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, na matokeo yake yanaweza kuendelea kwa miaka miwili hivi. Mtu akikuambia "hii ni ya muda, usiogope," muulize ni ya fungu gani kati ya haya mawili. Kusubiri mwaka mzima ukiwa na kinundu chini ya jicho ni kitu kimoja, kukiyeyusha wiki hiyohiyo ni kingine kabisa.

Fungu la tatu ndilo la kudumu: silikoni ya maji, jeli za poliakrilamidi na polialkilimidi, na punje za akriliki ambazo kitaalamu huandikwa PMMA.

Mwili na mwiba

Ili kuelewa kwa nini fungu hili la tatu linasumbua, mfikirie mtoto aliyechomwa na mwiba unyayoni. Mwiba ukitolewa, kidonda hupona. Ukikatikia ndani, mwili hutuma seli zake za ulinzi ziumeze. Seli hizo, makrofaji, humeza bakteria, vumbi, na mabaki ya seli zilizokufa. Zikishindwa kuumeza mwiba kwa sababu ni mkubwa, huuzingira, huungana kuwa seli majitu, hujenga ukuta wa kovu, na baada ya wiki kadhaa mama akipapasa unyayo anakuta goroli gumu. Ukuta ule ni ulinzi, na mara nyingi ni mapatano mazuri: mwiba umefungiwa, mtoto anakimbia. Lakini askari hawaondoki. Siku yoyote kinga ya mwili ikichochewa, kwa homa, kwa jino bovu, au bila sababu inayoonekana, mapatano yanaweza kuvunjika. Pale ukuta unapokuwa uvimbe unaokua na kuwaka, madaktari huuita granuloma.

Fila ya kudumu ni mwiba tuliouweka kwa hiari, tukiutegemea mwili ukubali mapatano. Katika watu wengi unakubali. Hilo lazima lisemwe kwa uaminifu.

Akriliki yenyewe si sumu. Novemba 1949 Harold Ridley wa London aliweka lenzi ya kwanza ya bandia ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho, akitumia plastiki hiyohiyo, baada ya kuona kwamba macho ya marubani wa vita yalivumilia vipande vya vioo vya plastiki vya ndege zao. Bibi na babu wengi wa Afrika Mashariki waliorudishiwa nuru katika kambi za upasuaji wa macho wanatembea na lenzi za akriliki, na hazijawadhuru. Kumbe tatizo liko wapi? Liko kwenye umbo na mahali. Lenzi ni kipande kimoja laini, kimekaa kwenye mfuko wake ndani ya jicho, na daktari anaweza kukishika na kukitoa. Fila ni mamilioni ya punje zilizotawanyika ndani ya nyama.

Gottfried Lemperle, daktari wa upasuaji wa Ujerumani, ndiye aliyehangaika na punje hizo kuliko mtu yeyote. Toleo la kwanza la mwishoni mwa miaka ya 1980, Arteplast, lilikuwa limechanganyika na punje ndogo mno, chini ya mikroni 20 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita). Punje za ukubwa huo zinamezeka, na makrofaji wakizimeza bila kuweza kuzisaga huendelea kupiga kelele ya hatari, granuloma zikatokea. Ndipo punje ndogo zikachujwa, zikabaki zile za mikroni 30 hadi 50, laini na za mviringo, karibu nusu ya unene wa unywele, kubwa kiasi kwamba hazimezeki. Zilichanganywa na kolajeni ya ng'ombe: kolajeni ikiisha baada ya miezi michache, kolajeni ya mtu mwenyewe huota kati ya punje. Bidhaa hiyo ilipata kibali cha FDA Oktoba 2006 kwa jina la ArteFill, sasa inaitwa Bellafill.

Utafiti uliofuata uliwafuatilia watu 1,008 kwa miaka mitano. Asilimia 1.7 walipata granuloma. Muuzaji atakusomea takwimu hiyo kama ushindi, na kwa upande mmoja ana haki, kwani zaidi ya watu 98 katika kila 100 hawakupata. Ila itazame na mipaka yake. Sindano zilidungwa na wataalamu waliofunzwa, kwenye mifereji ya pembeni mwa pua tu, baada ya kipimo cha mzio wa kolajeni. Maelezo ya bidhaa yenyewe yanakataza kuidunga midomoni, na yanakataza kumdunga mtu mwenye ngozi inayoota keloidi, yaani makovu yanayovimba, jambo linalotugusa sisi wenye ngozi nyeusi kuliko wengi. Tena miaka mitano ni muda wa utafiti. Binti wa miaka 28 atakaa na punje zile miaka 50.

Jeli za kudumu zina historia mbaya zaidi. Poliakrilamidi, ambayo karibu yote ni maji yaliyoshikwa kwenye wavu wa plastiki, ilitumiwa sana China kuongeza matiti bila upasuaji. Ikahama, ikatunga usaha, ikaharibu matiti ya wanawake wengi, na mwaka 2006 serikali ya China ikaifuta. Uholanzi, baada ya madaktari wake kuona wagonjwa wakirudi na uvimbe miaka kadhaa baada ya sindano, ilizikataza fila za kudumu kwa matumizi ya urembo mwaka 2015.

Saa mbili tofauti

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani nimemaliza: ya kudumu mbaya, ya muda nzuri. Si kweli, na ningekudanganya nikiishia hapo.

Hatari za fila hufuata saa mbili. Saa ya kwanza huhesabu dakika, na haiulizi fila ni ya aina gani. Uso umejaa mishipa midogo ya damu, na baadhi yake, kati ya nyusi, kwenye pua, pembeni mwa mdomo, imeungana na mishipa inayolisha jicho. Ncha ya sindano ikiingia ndani ya ateri na mdungaji akasukuma, fila husafiri dhidi ya mkondo, kisha hurudi na damu hadi kwenye retina. Retina haivumilii kukosa damu zaidi ya saa moja na nusu hivi. Mapitio ya taarifa za kitabibu duniani hadi Januari 2015 yalikusanya visa 98 vya watu waliopoteza uoni baada ya kujazwa. Karibu nusu yao walikuwa wamedungwa mafuta ya mwili wao wenyewe, kitu tunachokiita cha asili, na karibu robo asidi ya hialuroniki, ile inayosifiwa kwa usalama. Idadi ni ndogo ukilinganisha na mamilioni ya sindano zilizodungwa, lakini jicho lililokufa mara chache sana hurudi, hata kimeng'enya kikidungwa haraka.

Mshipa unaolisha ngozi ukizibwa, hali ina matumaini zaidi, kwa sharti la kutambuliwa mapema. Dalili zake ni maumivu makali yasiyolingana na kazi iliyofanyika, ngozi iliyopauka, kisha mchoro wa madoa kama wavu wa samaki. Vitabu vingi vimeandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu weupe ule hauonekani kirahisi, kwa hiyo ni lazima kubonyeza kwa kidole na kuangalia damu inarudi kwa kasi gani, kulinganisha na upande wa pili wa uso, na kumwamini mgonjwa anaposema anaumia. Hapa ndipo asidi ya hialuroniki inapoachana na wenzake: ikiwa ni yenyewe iliyoziba, kimeng'enya kikimiminwa kwa wingi ndani ya saa za mwanzo kinaweza kuokoa pua au mdomo. Ikiwa ni akriliki au silikoni, hakuna kitu cha kuizibua kwa namna hiyo.

Saa ya pili huhesabu miaka, na hii ndiyo saa ya fila za kudumu. Vinundu, granuloma, kuhama, utando wa bakteria unaojificha juu ya plastiki ambako dawa za antibayotiki haziufikii vizuri. Uso nao haukai ulivyokuwa. Mafuta ya mashavu hupungua na kushuka, mfupa wa taya husinyaa, ngozi hulegea. Fila ya muda huisha na kukupa nafasi ya kuamua upya kwa uso ulio nao sasa. Ya kudumu hubaki palepale kama jiwe mtoni maji yakipungua, na kilichofichika ukiwa na miaka 30 huchungulia ukifika 55.

Asidi ya hialuroniki nayo ina sehemu yake ndogo katika saa hii ya pili. Picha za MRI zimeonyesha kwamba mashavuni inaweza kubaki miaka mingi kuliko ile miezi inayotangazwa. Desemba 2020, katika majaribio ya chanjo ya uviko ya Moderna, watu wachache waliokuwa na fila usoni walivimba baada ya sindano ya chanjo, walitibiwa wakapona. Mwiba wa muda nao ni mwiba kwa kipindi unapokuwa ndani, tofauti yake ni kwamba una siku ya kuondoka, na una wa kuufukuza.

Makalio na hesabu ya mililita

Hapa kwetu sindano inayoniumiza moyo zaidi si ya usoni. Ni ya makalio na nyonga, na hesabu inaeleza kwa nini ni hatari.

Bomba moja la fila ya uso lina mililita moja, yaani sehemu ya tano ya kijiko cha chai. Kuongeza midomo kunataka moja au mbili. Kuongeza makalio kwa macho ya watu kunataka mamia ya mililita. Kwa asidi ya hialuroniki bei hiyo ingemshinda karibu kila mtu. Kwa hiyo anayekuahidi shepu kwa bei ya kawaida, bila upasuaji, kwa sindano, na iliyo ya kudumu, karibu hana kitu kingine cha kukupa ila silikoni ya maji, jeli ya plastiki, au mafuta yasiyojulikana yalikotoka. Penye bei ndogo na mililita nyingi, aina ya fila imeshajitaja yenyewe. FDA haijaidhinisha fila yoyote kwa makalio au matiti, na Novemba 2017 ilitoa onyo kali juu ya silikoni ya kudungwa mwilini, ikitaja maumivu ya kudumu, maambukizi, kiharusi na vifo. Silikoni ikiingia kwenye mshipa hukimbilia mapafuni na kuziba njia ya damu, na mtu anaweza kufariki siku ileile.

Anayenusurika huishi nayo. Silikoni haikai kwenye mfuko wake; hupenya katikati ya nyama na mafuta kama samli iliyoingia kwenye unga. Huwezi kuinyonya ukaiacha nyama. Daktari anayekubali kuitoa hukata pia nyama iliyoibeba, na hata hapo haiishi yote.

Mashavu ya wenye ARV

Kuna watu ambao kwao fila haikuwa kujiremba kabisa, na nawataja kwa sababu wengi wetu tulikaa nao nyumba moja. ARV zilipoanza kufika kwa wingi Tanzania, Kenya na Uganda, kidonge kilichookoa maisha ya maelfu kilikuwa na stavudini ndani yake. Wengi wanakumbuka jina la Triomune. Stavudini iliwarudisha watu kutoka mlangoni mwa kaburi, na kwa baadhi yao ikala mafuta ya mashavu, mikono na makalio. Mtu alipona, kisha uso wake ukawa unamtangaza mtaani. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa hiyo iondolewe taratibu. Mashavu hayakurudi yote.

Ulaya na Marekani wagonjwa hao walipewa fila. Sculptra ilipata kibali cha kwanza cha FDA Agosti 2004 kwa ajili yao hasa. Wengine, hasa Ulaya na Canada, walidungwa Bio-Alcamid, jeli ya kudumu ya polialkilimidi, kwa hoja ileile ya mara moja na kumaliza, hoja iliyoonekana ya huruma kwa mtu anayekunywa dawa maisha yake yote. Miaka ikapita, mashavu yakaanza kutunga usaha, kwa baadhi baada ya kutibiwa meno tu. Hapa sioni mtu wa kumlaumu kwa tamaa ya urembo. Walitaka sura zao zirudi ili wapande daladala bila kutazamwa. Kudumu kulikoonekana kama neema ndiko kulikowarudisha hospitali.

Kama umeshadungwa

Tuna methali isemayo mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nimesikia ikitumiwa dhidi ya wanawake waliovimba makalio baada ya sindano, na ningeomba katika jambo hili tuiweke kando. Aibu hiyo ndiyo inayomfanya mgonjwa akae nyumbani na homa wiki tatu, akimwambia daktari ni jipu. Daktari asiyejua kuna jeli ndani atapasua jipu, na kupasua bila kujua kunaweza kueneza tatizo. Mwenye uvimbe wa namna hii aseme ukweli mara moja: nilidungwa, mwaka fulani, sehemu fulani. Kipimo cha ultrasound kikisomwa na mjuzi kinaweza kuonyesha ni aina gani iliyomo na iko kina gani. Granuloma hutibiwa kwa sindano za steroidi ndani ya uvimbe, wakati mwingine pamoja na dawa nyingine, na upasuaji huachwa mwisho. Wataalamu wa ngozi wapo: kituo cha mafunzo cha RDTC pale hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, na wanafunzi wake wametawanyika katika hospitali nyingi za rufaa.

Mwenye fila ya kudumu isiyomsumbua aiache ilivyo. Asikubali kuongezewa ya muda juu yake ili kuiweka sawa, maana sindano mpya inaweza kumwamsha aliyelala. Amweleze pia daktari wa meno kabla ya kung'olewa jino.

Kwa anayefikiria kudungwa kwa mara ya kwanza, msimamo wangu ni huu: usoni, ikiwa umeamua, iwe asidi ya hialuroniki, kidogo, kwa daktari aliyesajiliwa; makalioni, hapana, kwa fila yoyote. Usidhani kuwa nje ya nchi kunakulinda. Uingereza, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, ripoti ya serikali iliyoongozwa na daktari Bruce Keogh mwaka 2013 ilisema mtu anayedungwa fila huko hakuwa na ulinzi zaidi ya anayenunua kalamu au mswaki. Sheria ya kukataza fila za urembo kwa walio chini ya miaka 18 nchini England ilianza kutumika Oktoba 2021 tu.

Kabla hujakaa kwenye kiti, omba kuona kichupa cha hialuronidesi na tarehe yake ya kuisha. Kama hakipo, inuka. Omba boksi la fila lifunguliwe mbele yako, usome jina, kisha uliulizie TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, kama uko Tanzania au Bodi ya Dawa na Sumu kama uko Kenya. Na jina la daktari liangaliwe kwenye rejesta ya baraza la madaktari. Ndani ya maboksi mengi halali mna vibandiko vidogo vyenye namba ya toleo, kimoja cha faili la kliniki na kimoja chako. Kichukue, ukibandike kwenye daftari lako la hospitali, uandike pembeni tarehe, sehemu uliyodungwa na mililita ngapi, ili daktari atakayekutazama miaka kumi baadaye asianze kwa kubahatisha.